Ndugu yako akiugua mahabusu, usibembeleze getini

Mdogo wangu ana kisukari cha kuchoma sindano. Alipopelekwa mahabusu hapa Moshi, nilikimbilia kosa: nikatia insulini kwenye chupa ya chai yenye barafu, nikapanda bodaboda hadi gerezani.

"Afande, naomba dawa hii imfikie mgonjwa wangu."

"Dada, dawa za nje haziingii."

Nilibembeleza nusu saa, nikalia kidogo, nikageuza. Kufika Mbuyuni barafu imeshakuwa maji.

Leo simlaumu yule afande. Atajuaje kichupa kile kina nini? Wa kuonana naye ni mganga wa gereza, na wa kuandikiwa ni Mkuu wa Gereza. Kesho yake nilikwenda mikono mitupu ya dawa, ila nina nakala ya kadi ya kliniki na barua ya ukurasa mmoja: jina, ugonjwa, dozi, saa za kuchoma. Nakala ya pili nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Ule muhuri ndio uliofanya nianze kukaribishwa kiti.

Kwenye barua sikuomba huruma. Niliandika kwamba Kanuni za Mandela, yaani viwango vya kuwatunza wafungwa vilivyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema kwenye Kanuni ya 24 kuwa matibabu ya aliye gerezani ni wajibu wa serikali, bure, kwa kiwango kile kile cha uraiani. Kanuni ya 27 inaongeza kwamba uamuzi wa tiba ni wa wataalamu wa afya. Asiye mtaalamu hawezi kuupindua. Na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inakataza kumtesa au kumdhalilisha mtu. Mistari mitatu inatosha. Ukiandika kurasa nne hazisomwi.

Hata hivyo sindano zilikuja kwa kurukaruka. Kilichotuokoa ni mahakama. Kesi ya mahabusu hurudi kutajwa kila baada ya wiki mbili hivi, na wengi husimama pale, wanaambiwa tarehe nyingine, wanashuka kimya. Nilimfundisha mdogo wangu asisimulie, asilalamike, anyooshe mkono aseme: "Mheshimiwa, nina kisukari, natumia insulini, tangu Jumatatu sijachomwa." Hakimu akaandika kwenye jalada, akaagiza apelekwe hospitali. Neno likishaingia kwenye jalada, kuna wa kuulizwa.

Aliyekwisha kuhukumiwa hana siku ya kutajwa. Huyo mpelekee malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, au tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawatozi.

Jiandae pia kumwona na pingu hospitalini, mimi sikujiandaa. Daktari aliomba mkono mmoja ufunguliwe ampime presha, afande akafungua bila neno. Mdogo wangu akanitazama, akauliza kama nimemletea ndizi mbivu. Nikamkumbusha kwamba hizo alikatazwa tangu akiwa uraiani.