Umefuta draiva ya kadi ya picha na skrini imevurugika? Jua kwanza nani anachora

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kompyuta, hii kesi mtaletewa mpaka mtaizoea: mtu gemu lilikuwa linakwamakwama, akashauriwa afute draiva ya kadi ya picha aweke mpya, kafuta vizuri tu, kompyuta inawaka tena anakuta aikoni zimevimba, maandishi yana ukungu, kioo cha pili hakionyeshi kitu, na sasa anasema kadi imeungua. Haijaungua. Draiva ni programu tu, ukiifuta hujagusa chuma chochote, kwa hiyo kabla hujafungua kava au kuanza kudanlodi vitu hovyo jiulize swali moja: hivi sasa picha ninayoiona inachorwa na nani? Ukipata jibu la hilo kazi iliyobaki ni ndogo, ukilikosa utainstoli draiva tano na zote zitakataa.

Kwenye Windows jibu liko Device Manager. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua mstari wa Display adapters. Ukikuta jina la kadi yenyewe bila alama ya njano, draiva ipo, tafuta tatizo kwingine. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, huyo ni deiwaka wa Windows, anashika zamu pale mwenye kazi asipokuwepo. Yeye hajui chochote kuhusu kadi yako, anapokea tu ukubwa wa picha ambao BIOS (ile programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows) ilishauweka wakati wa kuwaka, kwenye mashine nyingine unakuta ni 1024 kwa 768, ndiyo maana sehemu ya rezolusheni kwenye mipangilio mara nyingi imefifia haibonyezeki, na usihangaike nayo mpaka draiva irudi. Video zinakatakata na feni inapiga kelele kwa sababu prosesa inabeba mzigo wote peke yake.

Sasa laptopu zina mtego wake. BIOS za laptopu nyingi zinaweka ukubwa kamili wa kioo tangu mwanzo, kwa hiyo hata bila draiva picha inaonekana safi kabisa na mwenye mashine anakwambia mbona skrini iko poa, shida yangu mwanga hauongezeki wala haupungui. Ukifungua menyu ya kuzima unakuta Sleep haipo. Hizo dalili mbili zikija pamoja usianze kusaka ugonjwa wa betri au kioo, nenda Device Manager kwanza. Ukitaka uhakika fungua Command Prompt uandike powercfg /a, itakuorodheshea aina za usingizi zilizozuiwa na sababu yake, na mara nyingi hapo utaona neno Graphics limekaa peke yake chini ya mstari. Hapo umeshapata mhusika.

Kama skrini ni nyeusi tii, kipimo cha haraka ni logo ya BIOS. Zima, washa, tazama zile sekunde za mwanzo. Logo ikitokea halafu giza likaingia Windows inapoanza, kioo na waya viko sawa, hiyo ni habari ya programu. Logo isipotokea kabisa na huwezi hata kuingia BIOS, acha mambo ya draiva, maana BIOS haitumii draiva ya Windows hata kidogo. Angalia waya, angalia chaguo la ingizo kwenye monita, angalia tundu.

Tundu hasa. Kuna jamaa alileta kompyuta ya mezani analalamika kwamba tangu afute draiva haionyeshi kitu, na alishaichomoa na kuirudisha kadi mwenyewe. Ukiigeuza nyuma unaona HDMI mbili: moja iko juu, imesimama wima pamoja na matundu ya USB, hiyo ni ya ubao mama; nyingine iko chini, imelala kwenye kibati cha kadi yenyewe. Waya wake aliurudishia ile ya juu, na prosesa yake ni ya Intel yenye herufi F mwishoni mwa jina, zile hazina kadi ndogo ya picha ndani yake, kwa hiyo lile tundu la juu hata ungelichomekea monita mwaka mzima halitoi kitu. Prosesa za AMD Ryzen 5000 za mezani zisizo na G kwenye jina nazo ni vilevile. Waya ulishuka chini, picha ikarudi, ikabaki kuinstoli draiva tu.

Laptopu zenye kadi mbili ndizo zinachanganya watu zaidi. Kwa kawaida kioo cha laptopu kinalishwa na ile kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa, Intel au AMD, na ile kubwa ya NVIDIA inaitwa kukiwa na gemu au kazi nzito halafu picha inapitishwa kwa ile ndogo. Kwa hiyo mtu akifuta draiva ya NVIDIA kioo kinaendelea kama kawaida, kinachokufa ni gemu, na mara nyingine tundu la HDMI la pembeni kwa sababu laptopu nyingi tundu hilo limefungwa moja kwa moja kwenye NVIDIA. Akifuta ya Intel ndiyo mwanga unagoma. Sasa ukisikia “projekta haionekani ila kioo chake kiko sawa” unajua pa kwenda, na ukisikia “mwanga haushuki” unajua pia, wala si lazima uinstoli zote mbili kwa kubahatisha.

Kutambua kadi wakati jina limefutika: kliki kulia kwenye hiyo Basic Display Adapter, Properties, kichupo cha Details, kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_ halafu namba. 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. Ile namba inayofuata DEV_ ndiyo modeli yenyewe. Hiyo haidanganyi, hata stika ya kwenye boksi inaweza kudanganya.

Ukishajua, draiva chukua kwa mtengenezaji wa chipu, na kama ni laptopu anza kwa mtengenezaji wa laptopu, hasa ikiwa ya zamani, kwa sababu baadhi yao huwa wamerekebisha mambo ya mwanga na vitufe. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja mimi siziweki kwenye mashine ya mtu, sina la kuongeza hapo. Na kabla ya kudanlodi chochote jaribu kitu cha bure: kwenye Device Manager menyu ya Action ina Scan for hardware changes. Kama wakati wa kufuta hakuweka tiki pale kwenye kiboksi cha kuondoa na programu ya draiva, faili bado zimo kwenye ghala la Windows na draiva inarudi yenyewe. Ndiyo maana pia wengine wanalalamika “nafuta inarudi ileile mbovu”, siyo uchawi, kiboksi hakikuwekwa tiki, au Windows Update imewahi kuleta yake. Hapo ndipo DDU inapohitajika, Display Driver Uninstaller, programu ya kufagia mabaki yote ya draiva ya picha, ila itumie ukiwa Safe Mode (Windows ikiwa imewaka na vitu vya lazima tu) na intaneti imezimwa, na faili la draiva mpya uwe nalo tayari kwenye diski kabla ya kukata intaneti.

Giza likiwa linaingia baada ya logo, jaribu kubonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, hiyo inaiamsha upya draiva ya picha, na Windows na P kama picha imehamia kioo ambacho hakipo. Ikigoma, zima kwa nguvu wakati Windows inaanza kuwaka, rudia mara mbili tatu hadi ikuletee menyu ya marekebisho, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, restati, halafu bonyeza 4 kwa Safe Mode au 3 kwa picha ya rezolusheni ndogo. Muulize mwenye mashine mapema kuhusu BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, maana ukipita njia hii inaweza kudai ufunguo wa namba 48 na kama hana mtakaa hapo mnatazamana. Mara nyingi unakuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft.

Kwa wa Linux shida ni nyingine kidogo. Ukifuta draiva ya NVIDIA, ile huria inayoitwa nouveau inatakiwa ishike nafasi, lakini draiva ya NVIDIA ilipoingia ilimfungia mlango na wakati mwingine katazo linabaki hata baada ya kufutwa. Kama desktopu haiji, bonyeza Ctrl, Alt na F3 uingie kwa maandishi. Andika grep -r nouveau /etc/modprobe.d /usr/lib/modprobe.d, ukiona faili lenye mstari wa blacklist nouveau liondoe, kisha sudo update-initramfs -u kwa familia ya Debian na Ubuntu, au sudo dracut --force kwa Fedora, halafu restati. Watu wanafuta faili wanasahau hiyo amri ya pili, wanarudi kulalamika haijasaidia. Tazama pia kama kuna /etc/X11/xorg.conf iliyobaki inataja nvidia, ibadilishe jina. Kama haifiki hata kwenye maandishi, kwenye GRUB, ile menyu inayotokea kabla Linux haijaanza, bonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza nomodeset, kisha Ctrl na X. Ila nomodeset ni ya kuingilia tu, usiiache humo, maana nouveau nayo haitafanya kazi. Mwisho lspci -k inakuonyesha kadi na draiva inayoiendesha sasa hivi. Na ukirudisha ya NVIDIA ikakataa kupanda bila sababu, chungulia Secure Boot, ulinzi wa BIOS unaokubali programu zilizosainiwa tu, draiva isiposainiwa haipiti.

Draiva ikirudi usimkabidhi mtu mashine hapohapo. Monita ya 144Hz inaweza kuwa imerudi 60Hz, ibadilishe kwenye Advanced display. Sauti ya kupitia HDMI nayo huondoka na draiva ya picha, kwa hiyo chagua upya spika. Na ukiona nyeusi imekuwa kijivu kwenye TV, fungua paneli ya kadi utafute sehemu ya masafa ya rangi, itakuwa imekaa Limited, weka Full, halafu hakikisha na TV yenyewe imewekwa hivyohivyo.