Maswali na majibu: soketi ya antena iliyochakaa kwenye skana ya redio

Swali (Kigamboni): Skana yangu ya mkononi (redio inayopekua masafa mbalimbali kutafuta mawasiliano) hukwaruza kila ninapoigusa antena, na sauti hurudi pale tu ninapoisukuma antena upande mmoja. Nimeambiwa kwamba soketi ya BNC, ile ya duara ambayo antena huchomekwa na kuzungushwa kidogo ili ijifunge, imekwisha na kwamba ni lazima ibadilishwe. Nianzie wapi?

Jibu: Usianzie dukani. Dalili uliyoieleza inaweza kutoka mahali patatu: kwenye antena yenyewe, kwenye soketi, au kwenye risasi ya kulehemu iliyoishikilia soketi hiyo juu ya bodi ya saketi iliyo ndani. Kwa yale ninayoyaona mezani kwangu, mahali pa tatu ndipo penye makosa mengi zaidi, ingawa soketi ndiyo hubebeshwa lawama kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Azima kwanza antena nyingine inayofanya kazi. Sauti ikitulia, shida iko kwenye antena yako na hakuna haja ya kufungua chombo. Isipotulia, ondoa antena, shika soketi kwa vidole na uitikise taratibu. Ikiwa soketi yote inacheza ndani ya kasha, nati yake imelegea. Ikiwa imekaa imara lakini antena inachezacheza juu yake, basi vile vijino viwili vya pembeni vimelika, au mdomo wa katikati unaoipokea pini ya antena umetanuka.

Nati ikilegea, antena yenye urefu wa nusu mita hugeuka kuwa mtaimbo. Kila unapoinama, kila unapopanda daladala na chombo kikiwa kiunoni, nguvu yote hushuka kwenye tone dogo la risasi ambalo halikuwekwa pale kubeba uzito. Kasha na nati ndivyo vinavyopaswa kubeba antena, na kazi ya risasi ni kupitisha mawimbi tu. Ukifungua kasha na kutazama kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi utaona ufa mwembamba wa duara ukiizunguka pini. Hapo dawa ni kukaza nati na kulehemu upya, na soketi ya zamani inaendelea na kazi.

Swali (Buguruni): Ninajifunza ufundi. Nilipima kwa multimita kati ya pini ya katikati na ganda la soketi nikapata karibu sifuri. Je, soketi imeungana ndani?

Jibu: Huenda haina kosa lolote. Vipokezi vingi vina koili ndogo inayoshusha umeme tuli wa antena hadi kwenye ganda, na multimita huiona koili hiyo kama waya mtupu. Kipimo chenye maana zaidi ni kati ya pini ya katikati na njia yake ya shaba kwenye bodi, kisha kati ya ganda na shaba ya ardhi (ile pana ya bodi ambayo ganda huunganishwa nayo), huku ukiitikisa soketi. Namba ikirukaruka, umelipata kosa. Betri ziwe zimetolewa kabla hujapima.

Swali (Mbagala): Muuzaji wa Kariakoo aliniuliza kama ninataka BNC ya omu 50 au ya omu 75. Sikujua la kumjibu.

Jibu: Omu hapo ni kipimo cha ukinzani ambao mawimbi hukutana nao njiani, na skana hutengenezwa kwa omu 50, kwa hiyo chagua hiyo. Zile za omu 75 zimejaa madukani kwa sababu hutumika kwenye kamera za ulinzi. Lakini ukiikosa ya omu 50 usikate tamaa: kwenye kiungo cha omu 50 na 75, nguvu inayorudishwa nyuma ni takribani sehemu 4 tu kati ya 100, na kwa kipande kifupi kama soketi tofauti hiyo huwezi kuisikia.

Linaloharibu kazi zaidi ni umbo. Zipo soketi zenye miguu ya kusimama kwenye bodi, zipo zinazofungwa kwa nati kwenye kasha, na zipo za kubana kwenye waya, ambazo hazikufai hapa. Tundu la kasha mara nyingi lina upande mmoja ulionyooka ili soketi isizunguke, nayo soketi mpya inapaswa kuwa na bapa kama hilo. Nenda na ile ya zamani mfukoni, pamoja na antena yako, uzijaribishe palepale: antena iingie, izunguke robo mzunguko, na springi yake iivute kwa nguvu. Ikiingia kwa ulegevu tangu dukani, irudishe.

Swali (Ubungo): Nimethibitisha kwamba soketi imekwisha. Naomba maelezo ya kuibadilisha bila kuua bodi.

Jibu: Toa betri, ondoa waya wa chaji, kisha piga picha za ndani kabla hujagusa kitu. Kutoa soketi ya zamani ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote, kwa sababu ganda lake na shaba pana ya ardhi hunyonya joto. Pasi ndogo ya kulehemu ya wati 25 itakaa pale dakika nzima bila kuyeyusha risasi, huku shaba ikibanduka kwenye bodi. Tumia pasi ya wati 60 hivi yenye ncha pana, kwenye nyuzi 350 za Selsiasi, uguse kwa muda mfupi. Ongeza risasi mpya kidogo na dawa ya kulehemu juu ya ile ya zamani, kwani risasi ya 63/37 (bati sehemu 63, madini ya risasi sehemu 37) huyeyuka kwenye nyuzi 183 na hulainisha ile ngumu isiyo na madini ya risasi, ambayo huhitaji zaidi ya nyuzi 215. Kisha inyonye kwa pampu au kwa utambi wa shaba. Usivute soketi kwa koleo kabla miguu yote haijaachia.

Nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhi wa kuaminika, na pasi ya bei nafuu inaweza kuvujisha umeme hadi kwenye ncha. Transista ya kwanza ya kipokezi haivumilii jambo hilo. Mimi huiacha pasi ipate moto, nikaichomoa ukutani, ndipo nikagusa pini ya katikati.

Unapoweka soketi mpya, kaza nati kwanza na ulehemu baadaye. Ukilehemu kwanza, nati itaizungusha soketi kidogo na kuivunja kazi uliyomaliza sasa hivi. Wakati wa kulehemu, acha plagi ya BNC ikiwa imechomekwa, ili plastiki ya ndani ikilainika pini ibaki katikati. Ukimaliza, jaribu kwa kituo dhaifu cha FM kati ya megahezi 88 na 108, ukiitikisa antena.

Swali (Msasani): Soketi yangu ina ukungu wa kijani. Nisugue kwa msasa?

Jibu: Hapana, msasa huondoa rangi ya madini iliyopakwa juu na kuacha shaba wazi kwa chumvi ya bahari. Tumia spiriti safi ya isopropili na kijiti cha pamba. Kijani kikirudi baada ya wiki chache, utandu wa juu umeshakwisha, na hapo soketi ibadilishwe.

Swali (Temeke): Je, kusikiliza kwa skana kunaruhusiwa?

Jibu: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya watu wengine bila idhini. Waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kabla ya kutumia chombo nje ya vituo vya utangazaji. Ndiyo maana nimependekeza FM kwa majaribio.

Swali (Kinondoni): Nimebadilisha soketi mara mbili, na baada ya miezi michache inalegea tena.

Jibu: Bila shaka antena ni ndefu kuliko chombo kinavyoweza kuibeba. Weka antena dirishani au juu ya paa, kisha uiunganishe na skana kwa waya mwembamba wa omu 50 wenye plagi za BNC pande zote mbili. Waya mnene uuepuke hapo kwenye skana, maana nao huvuta kama antena. Kiungo kilichoko nje kizungushie utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, ukianza chini kwenda juu, ili mvua ya masika iteremke juu ya mikunjo badala ya kuingia ndani yake.