Jibu: Dayopta ya lenzi maana yake nini?

Habari mkuu. Umeuliza iweje lenzi ya dayopta +4 iwe na fokasi (umbali toka lenzi hadi pale mwanga wa mbali unapokutana) fupi kuliko ya +2. Angalia alama kwanza: jumlisha ni lenzi mbinuko (nene katikati), kutoa ni mbonyeo (nyembamba katikati). Dayopta ni 1 gawanya kwa urefu wa fokasi, tena kwa mita. Hapo kwenye mita ndipo nilipokwama. Niliweka sentimita 25 nikapata 0.04, nikailaumu lenzi bure! Sentimita 25 ni mita 0.25, na 1 gawanya kwa 0.25 ni 4; ndiyo maana dayopta ikiwa kubwa fokasi inakuwa fupi.

Kuhakiki, kaa mbali na dirisha, sogeza lenzi karibu na ukuta unaotazamana na dirisha mpaka taswira ya dirisha ionekane vizuri, kisha pima kwa rula toka lenzi hadi ukutani. Mbonyeo haitatoa taswira ukutani, usihangaike nayo.