Kwa mtangazaji mpya: andika kwa sikio

Ukianza kazi redioni, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba redio inakufa. Usibishane naye. Redio ndogo ya betri haidai bando wala nywila, na asiyejua kusoma anaitumia sawa na profesa. Tena mtambo wa FM hauzidiwi: wasikilize kumi au laki moja, mzigo ni uleule, wakati mtandao wa simu hukwama watu wote wakipiga kwa pamoja. Ndiyo maana katika maandalizi ya tetemeko au mafuriko, watu bado hushauriwa kuweka redio ya betri karibu.

Hayo ni ya mitambo. Kuaminiwa ni kazi yako wewe.

Msikilizaji anaosha vyombo au yuko kwenye usukani, na amekukuta katikati ya habari. Hawezi kurudi aya ya juu. Kwa hiyo chanzo kitangulie: "Polisi wanasema barabara imefungwa", si "Barabara imefungwa, kwa mujibu wa polisi", maana ukifika kwenye neno "polisi", msikilizaji ameshaanza kutafuta njia nyingine. Asilimia 48.7 iwe "karibu nusu". Jina lirudie, "huyo" na "yule" huwapoteza watu. Halafu soma habari yako kwa sauti kabla ya kuingia studio. Ulimi ukikwama, usiulaumu ulimi, vunja sentensi.

Ujumbe unaozagaa kwenye simu usiusome hewani kwa kinga ya "tumeupokea hivi". Ukishatoka kinywani mwako, ni habari ya kituo. Na mkikosea, sahihisheni katika kipindi kilekile, mkitaja lipi lilikuwa kosa na lipi ni kweli. "Tunaomba radhi kwa usumbufu" si masahihisho, ni kukwepa.

Msidhani kuaminiwa ni jambo jema siku zote. Kituo cha redio cha RTLM, huko Rwanda, kilipendwa kwa muziki na utani wake, na mwaka 1994 sauti zilezile zilizozoeleka zikachochea mauaji ya Watutsi. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili. Kila mtangazaji mpya, hata wa michezo, ningependa alijue hilo kabla ya kupewa kipaza sauti.

Hatari hiyo utaikuta kwanza kwenye simu za wasikilizaji. Mpigaji akianza kumtaja mtu kwa jina na kumtuhumu wizi au uchawi, mkatishe kwa upole, useme hewani kwamba aliyetajwa hayupo kujibu, kisha pokea simu inayofuata. Usimwachie fundi mitambo aikate kimyakimya. Wasikilizaji watajaza wenyewe pengo hilo, na watalijaza kwa jambo baya kuliko lile ulilozuia.