Uwanja uwe katikati ya mji au nje? Mimi nauliza kwanza: watu watarudije nyumbani?

Mleta mada anauliza kama ni busara mji wake ubomoe uwanja wa zamani ulio katikati, ujenge mwingine mkubwa nje kabisa, kando ya barabara kuu, wenye maegesho ya kutosha. Wengi mmemjibu kwa bei ya ardhi. Mimi nitamjibu kutoka getini, kwa sababu nimekuwa mhudumu wa geti kwenye viwanja vya aina zote mbili. Miaka minne nilikuwa kwenye uwanja wa katikati ya mji, kisha timu ikahamia nje, nami nikahama nayo kwa miaka miwili.

Kazi ya geti ina jambo moja ambalo shabiki halioni: wewe umeupa mgongo uwanja na unatazama watu. Kule mjini, filimbi ya mwisho ikilia, watu walitoka kama maji yanayoingia mchangani. Wengine kulia, wengine kushoto, wengine kituoni, wengine wakaketi mahali kula na kubishana kuhusu mechi mpaka msongamano upungue. Dakika 20 au 25 hivi, mbele ya geti langu pameshakuwa peupe. Hakukuwa na maajabu yoyote ya mpangilio, ila njia zilikuwa nyingi na kila mtu alishika yake.

Kule nje njia ilikuwa moja. Nakumbuka mechi ya kombe katikati ya wiki, iliyoanza saa 2 usiku. Dakika 90 zikaisha sare, tukaingia dakika za nyongeza. Basi la mwisho lilikuwa linaondoka saa 4:30. Kuanzia dakika ya 105 watu wakaanza kunipita mmoja mmoja, wakitembea huku wamegeuza shingo nyuma. Dakika ya 112 hivi alipita mzee mmoja niliyemfahamu tangu uwanja wa zamani, ambako alikuwa anakuja kwa miguu kila mechi. Alikuwa ameshika bomba la geti ashuke ngazi, mara uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Akasimama. "Mwanangu, nani kafunga?" Nikamwambia sijui mzee, nami nimeupa mgongo. Akatazama ngazi alizoshuka, akatazama kituo kule mbali, akaendelea kushuka. Penalti zilipigwa mbele ya majukwaa yaliyobaki nusu. Yule mzee sikumwona tena msimu ule.

Sasa hayo maegesho mnayoyasifia. Chukua uwanja wa watu 40,000, wote waje kwa magari, watatu watatu. Hayo ni magari zaidi ya 13,000. Gari moja, ukihesabu na nafasi ya kupita, linataka kama mita za mraba 25. Piga hesabu: ni eneo la viwanja vya mpira zaidi ya 45, lami tupu, kwa ajili ya timu ambayo kwenye ligi ya timu 20 inacheza nyumbani mara 19 tu kwa mwaka. Na kutoka je? Njia moja ya barabara ikienda vizuri sana hupitisha magari kama 1,800 kwa saa. Mkiwa na njia mbili, gari la mwisho litatoka baada ya zaidi ya saa tatu na nusu. Treni ya watu 1,000 ikija kila dakika tano inaondoa watu 12,000 kwa saa moja, na haidai maegesho yoyote.

Ndiyo maana sisemi "nje" ni kosa siku zote. Allianz Arena ya München, iliyofunguliwa 2005, iko pembezoni, lakini treni ya chini ya ardhi inafika kituo cha Fröttmaning, na kutoka hapo unatembea. Hiyo kwangu si nje. Cardiff, mji mkuu wa Wales, waliujenga wa kwao katikati ya mji mwaka 1999, watu zaidi ya 70,000, na kituo kikuu cha reli kiko hatua chache tu. Marekani walijaribu sana kukimbilia nje. Detroit, timu ya Lions ya mpira wa Kimarekani ilihamia Pontiac, mji ulio nje ya Detroit, mwaka 1975, ikarudi katikati ya mji 2002. Pistons wa mpira wa kikapu, ambao nao walikuwa wametoka, wakarudi 2017. Kweli, mwaka huohuo wa 2017 Braves wa Atlanta, timu ya besiboli, walifanya kinyume, wakatoka mjini. Wao walijenga pamoja na maduka na makazi kuuzunguka uwanja, kwa hiyo hata aliyetoka mjini alilazimika kujijengea kijimji.

Wakazi wa jirani wana haki ya kulalamika, hilo silipingi. Siku ya mechi barabara zinafungwa, kuta zinakojolewa, mgonjwa anacheleweshwa njiani. Nimeyaona yote. Na uwanja wa watu 80,000 wenye uzio pande zote, uliofungwa siku 340 kwa mwaka, unaua mtaa mzima. Kama huo ndio mnaoutaka, usiwekwe katikati. Jengeni mdogo zaidi, chini ya majukwaa muweke maduka yanayofunguliwa upande wa barabara kila siku.

Kwa hiyo mleta mada, usianzie kwenye michoro ya mhandisi. Waombe wakupe ratiba ya usafiri wa usiku: chombo cha mwisho kinaondoka saa ngapi, mechi ikienda hadi penalti kinasubiri au hakisubiri, na gharama ya kusubiri analipa nani. Halafu nenda mwenyewe pale wanapotaka kujenga, siku ya kazi, saa 4:40 usiku, bila gari lako, ujaribu kurudi nyumbani.