Maswali ya Wasomaji: Mashine ya kupima gari haiwaki

Mafundi, habari za kazi. Mashine yangu ya kupima magari, ile ya mkononi yenye waya inayosoma hitilafu za gari, haiwaki nikiichomeka. Nikiukunja waya karibu na plagi inawaka, nikiuachia inazima. Naambiwa haitengenezeki, ninunue nyingine. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Nzuri, ndugu. Si kweli, na tunakuomba usiitupe. Mashine inayowaka waya ukikunjwa ina waya uliokatika. Bodi ya ndani bado inafanya kazi. Nyingi za aina hii hazina betri, zinakula umeme wa gari kupitia plagi hiyohiyo.

Hakikisha gari kwanza. Litazame tundu la gari, lile la pini 16 unalochomekea mashine, upande mpana ukiwa juu: safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye 16 na mweusi kwenye 4. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, itakupa volti 12.4 hadi 12.7. Ukipata sifuri, tafuta fyuzi. Kwenye magari mengi ni ileile ya kiwashio cha sigara, kwa hiyo chaja mbovu ya simu inaweza kuwa ndiyo iliyoiunguza.

Sasa njoo kwenye waya. Uchomoe kwenye mashine, weka mita kwenye mlio (inalia waya ukiwa haujakatika), gusa pini 16 ya plagi na pini yake ya upande wa pili, huku ukiukunja waya polepole. Angalia hapa, maana wengi hukosea: ukiitazama plagi yenyewe, hesabu inageuka, namba 1 inakuwa kulia. Rudia kwa 4, 5, 6, 7 na 14. Mlio ukikatikakatika, umepata ugonjwa. Mara nyingi huwa sentimita tatu hadi tano kutoka kwenye plagi, pale shingo ya mpira inapoishia. Nje ganda linaonekana zima, ndani nyuzi za shaba zimeshakatika. Ukiuvuta kidogo, pale palipokatika panalegea na kunyooka kama mpira.

Fungua plagi. Kama haina skrubu, chana mpira wake kwa wembe, au nunua plagi tupu ya pini 16. Piga picha kabla ya kutoa waya wowote, kwa sababu rangi hazifuati utaratibu mmoja kati ya mtengenezaji na mwingine. Kata sentimita tano zilizochoka, ingiza kwenye kila waya kipande cha mpira unaosinyaa kwa joto (ukisahau hilo utafumua kazi yote), kisha unga kwa risasi nyembamba ya kuchomelea ya milimita 0.8. Usiiache pasi ya kuchomelea kwenye pini zaidi ya sekunde tatu. Plastiki inayeyuka, pini inahama, na plagi haitaingia tena vizuri kwenye gari. Nyaya za 6 na 14 zimesokotwa pamoja ili kuzuia kelele za umeme, basi ziache zimesokotwa hadi karibu na pini. Mwisho banisha waya ndani ya plagi kwa kamba ya plastiki, ili mtu akiuvuta, nguvu isifike kwenye risasi. Kabla ya kuchomeka gari, pima 16 na 4: mita ikilia, una shoti.

Kijana wangu aliichomeka mashine ya volti 12 kwenye Fuso la volti 24. Tangu hapo imekufa. (Msomaji, Mbeya)

Pole. Kuna matumaini, ila si makubwa kama ya mwenzako. Kwenye bodi, karibu na umeme unapoingilia, kwa kawaida kuna fyuzi ndogo na dayodi ya kinga. Volti zikizidi, dayodi hujitoa mhanga: inakuwa shoti na kukata fyuzi. Zipime, badilisha zote mbili kwa namba zilezile. Usiiache bila dayodi eti kwa sababu inawaka. Ajali ijayo itafika kwenye ubongo, yaani chipu kuu ya mashine.

Jaribu kwanza kupitia balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa katikati ya waya wa chanya. Balbu ikiwaka sana, bado kuna shoti. Isipowaka au ikiwaka hafifu, pima volti 5 na 3.3 kwenye bodi. Ukikuta 12 mahali pa 3.3, ubongo umeungua na hapo kweli nunua nyingine.

Yangu inawaka vizuri lakini haisomi Toyota ya zamani iliyotoka Japani. Imeharibika? (Msomaji, Nakuru)

Ijaribu kwenye gari jipya kwanza. Ikisoma, ni nzima. Marekani ililazimisha mfumo ambao mashine hizi husoma, OBD-II, kuanzia magari ya 1996, lakini magari mengi ya soko la Japani la miaka hiyo yana tundu la pini 16 na hayazungumzi lugha hiyo. Kwenye Toyota nyingi za namna hiyo, unganisha 4 na 13 kwa kipande cha waya, funguo ikiwa ON, uhesabu taa ya injini inavyomeremeta; hesabu hiyo ndiyo namba ya hitilafu. Usiguse 16.

Isiposoma gari lolote, toa kichwa cha betri ya gari jipya na upime 6 na 14 kwenye tundu. Omu 60 zinaonyesha gari ni zima; rudi kwenye nyaya hizo mbili za mashine.