Ukitaka kuipiga picha Mirihi ikibadilika

Wengi wakinunua darubini hukimbilia Zohali kwa ajili ya pete zake, na siwalaumu. Mimi nimeng'ang'ana na Mirihi kwa sababu ukiwa uani kwako unaona ardhi yake hasa, si mawingu tu, na ardhi hiyo haikai na sura moja. Baka jeusi liitwalo Syrtis Major lilichorwa na Christiaan Huygens mwaka 1659 na lipo mpaka leo, ila kingo zake hazitulii. Jingine, Solis Lacus, limekuwa likichorwa kwa maumbo tofauti tangu karne ya 19. Zamani walidhani ni mimea inayochipua na kunyauka. Kumbe ni upepo: unahamisha vumbi jepesi lenye rangi ya kutu, unafunika mwamba mweusi wa volkano hapa, unaufunua pale.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia anayeanza ni kwamba asihangaikie picha moja ya kutundika ukutani. Badiliko huonekana kwa kulinganisha picha nyingi za upande uleule, zilizopigwa kwa vifaa vilevile na kusafishwa kwa kipimo kilekile. Leo ukiinoa picha sana kwenye kompyuta na kesho kidogo, utakayoyaona "yamebadilika" ni mikono yako.

Kuupata upande uleule kunataka hesabu kidogo. Mirihi hujizungusha mara moja kwa saa 24 na dakika 37, hivyo ukitazama saa ileile kila usiku, mabaka yanakuwa yamechelewa kwa zaidi ya nusu saa kuliko jana. Ukilikosa Syrtis Major wiki hii, ama ukeshe ulisubiri, ama ungoje zaidi ya wiki tano lirudi kwenye saa yako. Programu ya WinJUPOS itakuambia ni longitudo ipi ya Mirihi iliyo katikati ya duara lake dakika hiyo. Andika muda wa kila video, tena kwa saa za kimataifa. Saa tano usiku ya Dar es Salaam au Mombasa ni 20:00 kimataifa, na niamini, ukichanganya saa ya Kiswahili, ya Afrika Mashariki na ya kimataifa kwenye daftari moja, baada ya mwezi halisomeki.

Vifaa si lazima viwe vya kutisha. Darubini ya kioo ya inchi 8 ya kusukuma kwa mkono inatosha. Yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 1200, ukiitia lenzi ya Barlow, inayoongeza ukuzaji mara mbili, na kamera ya sayari yenye pikseli za mikroni 2.9, Mirihi ya Februari 2027 itakuwa na upana wa pikseli 55 hivi. Ndogo, ndiyo. Iache ipite yenyewe mbele ya kamera kwa nusu dakika, isukume darubini, irudie. Rekodi video, si picha moja: hewa huichezesha sayari kama kitu kinachotazamwa juu ya jiko la mkaa, na katika maelfu ya fremu zipo chache zilizotulia. Programu ya AutoStakkert huzichagua na kuzipanga moja juu ya nyingine. Usivuke dakika tatu au nne kwa video moja, maana sayari inazunguka.

Hewa ndiyo mwenye amri. Paa la zege lililochomwa na jua mchana kutwa litakutemea joto mpaka usiku wa manane. Shuka ukakae kwenye nyasi. Toa darubini nje mapema kioo kipoe. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, unyevu: kuvu huota ndani ya lenzi kimyakimya, kwa hiyo zihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Faida yetu ni kwamba sayari hupita juu sana. Mwaka 2018 Mirihi ilipokaribia, London ilikuwa chini kwenye ukungu wa upeo wa macho, Dar ilipanda nyuzi 70 na zaidi.

Mwaka huohuo, lakini, tufani la vumbi liliizunguka sayari nzima. Gari la NASA la Opportunity, lililokuwa juu ya Mirihi likitegemea umeme wa jua, lilinyamaza Juni 10 na halikuamka tena. Darubini za nyumbani zilionyesha duara la rangi ya chungwa lililofifia.

Kwenye kunoa, jizuie. Mwanaastronomia Giovanni Schiaparelli alichora mistari juu ya Mirihi mwaka 1877, mwenzake Percival Lowell akaifanya mifereji ya viumbe wenye akili. RegiStax, programu ya kunoa picha, nayo itakuchimbia mifereji ukiiachia. Mstari mwembamba unaofuata ukingo angavu wa sayari karibu kila mara ni wa uongo. Mimi naamini alama iliyotokea kwenye video mbili zilizosafishwa kila moja kivyake, basi.

Mirihi itakuwa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati yao, Februari 19, 2027. Haitakuwa kubwa, lakini ncha yake ya kaskazini itatuelekea, katika majira yake ya kuchipua, kofia ya barafu ikipungua. Tazama pia mawingu meupe kwenye volkano za Tharsis, eneo la nyanda za juu la Mirihi. Kichujio cha buluu huyatoa vizuri, chekundu hutoa ardhi. Mshtarii nao utakuwa upande uleule wa anga mwezi huo, na ni mkubwa zaidi, kwa hiyo jizoeze nao kabla Mirihi haijapanda. Picha zenye tarehe, saa na aina ya kichujio hupokelewa na British Astronomical Association, chama cha watazama nyota cha Uingereza, kutoka popote duniani. Zisizo na saa, hata zikiwa nzuri, hazina wa kuzifanyia kazi.